Upton Sinclair: Mtetezi wa Wafanyakazi wa Machinjio ya Chicago

Historia ya fasihi ya ulimwengu ina waandishi wachache ambao kitabu chao kimoja kilisukuma sheria za nchi nzima. Upton Sinclair wa Marekani ni mmoja wao. Riwaya yake, The Jungle, ilichapishwa Februari 1906, na kabla ya miezi mitano kutimia rais wa nchi hiyo alikuwa ametia saini sheria mbili za kulinda chakula. Kutokana na tukio hilo, Sinclair hutajwa katika vitabu vya historia, vya uanahabari na hata vya afya ya umma kama ithibati ya nguvu za fasihi katika jamii.

Hata hivyo, ushindi huo haukuwa ule alioutafuta. Sinclair hakwenda Chicago kuchunguza nyama. Alikwenda kuwachunguza watu walioichinja, wakaikata na kuipakia mikebeni. Watu waliopoteza vidole, wakaharibika mapafu na kuvunjika migongo, kisha wakaachishwa kazi bila senti ya fidia. Jamii ilikisoma kitabu chake ikajiuliza inakula nini. Walioumia katika kukiandaa chakula hicho haikuwauliza habari zao. Maisha ya mwandishi huyu yanastahili kuangaliwa upya kwa sababu hiyo, kwani yanaibua suala linalomhusu kila mwanafunzi wa fasihi: dhamira ya mwandishi huweza kupotelea wapi baada ya kazi yake kufika mikononi mwa hadhira?

Malezi na Elimu

Upton Beall Sinclair alizaliwa tarehe 20 Septemba 1878 mjini Baltimore, jimbo la Maryland. Ukoo wa babake ulikuwa na maafisa wa jeshi la majini na ulikuwa na hadhi katika majimbo ya Kusini, ila Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya 1861 hadi 1865 viliuacha na jina pasi na mali. Babake alikuwa mchuuzi wa pombe, na biashara hiyo ndiyo iliyomwangamiza, kwa kuwa alikunywa alichokiuza. Familia ilihamahama kutoka chumba kimoja cha kupanga hadi kingine, na katika vyumba hivyo kunguni walikuwa wenyeji kuliko wapangaji. Mamake, Priscilla, alitoka katika jamaa yenye uwezo, na dadake mama huyo alikuwa ameolewa na tajiri wa Baltimore. Basi mtoto Upton huenda akalala wiki hii penye kunguni, na wiki ijayo katika jumba la jamaa zake lenye mazulia na watumishi. Tofauti za kitabaka alizionja akiwa mdogo, kabla hajazisoma vitabuni, na swali la kwa nini baadhi ya watu wanacho ilhali wengine hawana halikumtoka maishani. Ulevi wa babake nao ulimfanya aichukie pombe hadi kufa kwake.

Familia ilihamia New York alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi. Akiwa na miaka 14 tu alijiunga na Chuo cha City cha mji huo, akahitimu mwaka 1897, kisha akaendelea na masomo katika Chuo Kikuu cha Columbia. Karo na chakula alivipata kwa kalamu. Aliyauzia magazeti vichekesho, akaandika hadithi za kusisimua za vijana zilizouzwa kwa bei nafuu. Hadithi hizo hazikuwa na thamani kubwa ya kifasihi, lakini zilimfunza kuandika kwa kasi, maelfu ya maneno kwa siku, bila kungoja msukumo wa moyo. Mazoea hayo yalimfaa baadaye.

Mwaka 1900 alimwoa Meta Fuller, na mwaka uliofuata akazaliwa mwana wao, David. Sinclair aliacha hadithi za vijana akaamua kuandika riwaya nzito. Riwaya zake za awali hazikununuliwa. Familia ilikwenda kuishi mashambani karibu na Princeton, jimbo la New Jersey, kwanza hemani kisha katika kibanda cha mbao. Kipupwe cha huko kilikuwa kikali, mtoto akaugua kichomi hata wakakata tamaa, na mke akadhoofika kwa huzuni. Fukara huyu aliyesoma alijua baridi na njaa ni nini kabla hajaenda kuziandika baridi na njaa za wengine.

Njia Iliyompeleka Chicago

Katika miaka hiyo ya dhiki Sinclair alikutana na wasoshalisti wa New York. Maandishi yao yalimpa jibu la swali lake la utotoni: umaskini si kudura wala si uvivu, ila ni zao la mfumo wa uchumi unaompa mwenye mtaji mamlaka juu ya asiye nacho. Alikiamini kipengele hicho kwa ari ya mwongofu mpya. Mwaka 1904 alichapisha Manassas, riwaya ya kihistoria kuhusu utumwa wa watu weusi na vita vilivyoukomesha. Riwaya hiyo haikumpa fedha, lakini ilisomwa na Fred Warren, mhariri wa Appeal to Reason, gazeti la wasoshalisti lililochapishwa kila wiki katika mji mdogo wa Girard, jimbo la Kansas.

Julai mwaka huo huo, wafanyakazi wa viwanda vya nyama vya Chicago waligoma. Walitaka ujira wa vibarua wasio na ujuzi maalumu usipunguzwe. Kampuni zilileta watu wa kushika nafasi zao, wakiwemo wahamiaji wapya na watu weusi maskini kutoka Kusini, na kufikia Septemba mgomo ulikuwa umevunjika. Sinclair aliwaandikia wagomaji makala ya kuwatia moyo, na Appeal to Reason likaichapisha. Hapo Warren alimpa changamoto: kwa kuwa alikuwa ameandika kuhusu watumwa wa minyororo, aandike sasa kuhusu watumwa wa ujira. Gazeti lingemlipa dola 500. Sinclair alichagua machinjio ya Chicago, akafika huko msimu wa vuli wa 1904 akiwa na umri wa miaka 26.

Wiki Saba Katika Mtaa wa Machinjio

Soko kuu la mifugo la Chicago, Union Stock Yards, lilikuwa limefunguliwa siku ya Krismasi mwaka 1865. Reli zilileta huko ng'ombe, nguruwe na kondoo kutoka nyanda za magharibi, na kandokando ya soko kampuni kubwa kama Armour na Swift zilijenga viwanda. Nyuma ya viwanda palikuwa na makazi ya wafanyakazi: Wairishi na Wajerumani waliotangulia, kisha Wapolandi, Waslovaki na Walithuania waliokuja baadaye na kupewa kazi mbaya zaidi.

Siri ya utajiri wa viwanda hivyo ilikuwa mgawanyo wa kazi. Mchinjaji wa kijijini huchinja, huchuna na kupasua ng'ombe mzima peke yake, kwa mwendo wake. Chicago mzoga ulining'inizwa kwenye reli ya juu ukasogezwa mbele ya safu ya wanaume, kila mmoja akikata mkato mmoja tu, mkato ule ule kutwa. Aliyeamua kasi ya mizoga ndiye aliyeamua kasi ya mikono yote. Wasimamizi waliwaweka wafanyakazi hodari wachache mahali pa kuongoza mwendo, wakawalipa vizuri, na wengine wote wakalazimika kuwafuata. Kisu kikali, sakafu yenye utelezi wa damu, mkono uliochoka na haraka isiyo na mwisho, vyote vilikutana mahali pamoja. Ajali katika hali hiyo hazikuwa mkosi wa mtu mmoja mmoja. Zilitokana na jinsi kazi yenyewe ilivyopangwa.

Sheria nayo haikumsaidia majeruhi. Aliyeumia alitakiwa kumshtaki mwajiri na kuthibitisha mahakamani kwamba mwajiri ndiye mwenye kosa. Mwajiri alikuwa na kinga tatu: angedai kuwa mfanyakazi alizijua hatari za kazi alipoikubali, au kuwa ajali ilisababishwa na mfanyakazi mwenzake, au kuwa majeruhi mwenyewe alichangia kwa uzembe. Mhamiaji asiyejua Kiingereza, asiye na wakili, ambaye kila alfajiri aliona mamia ya watu wakingoja langoni kuchukua nafasi yake, hakuwa na la kufanya. Mwenye nguvu mpishe.

Sinclair alikaa Chicago wiki saba. Aligundua upesi kwamba akivaa nguo zake chakavu na kushika kindoo cha chakula cha mchana kama vibarua wengine, hakuna aliyemzuia mlangoni. Alipita kiwandani akijifanya mtu aliyetumwa shughuli. Jioni aliketi majumbani mwa wafanyakazi, akasikiliza na kuandika. Alizungumza pia na madaktari, mawakili, polisi na wanasiasa, na akapata msaada katika kituo cha kijamii kilichoongozwa na Mary McDowell, mwanamke aliyeufahamu mtaa huo vyema. Jumapili moja alikuta arusi ya Walithuania katika chumba cha nyuma cha baa, akaingia na kuketi ukutani. Alipowatazama bibi arusi, wazee na wapiga fidla, alijua kwamba amepata wahusika wake na sura yake ya kwanza.

Riwaya ya Miili Iliyoumizwa

Alianza kuandika siku ya Krismasi 1904 katika kibanda cha New Jersey. Sura za kwanza zilitoka katika Appeal to Reason Februari 1905. Kampuni ya Macmillan ilitaka aondoe sehemu zilizotisha zaidi, akakataa, na wachapishaji wengine nao wakaogopa kushtakiwa. Hatimaye kampuni ya Doubleday, Page ilituma mtu wake Chicago kuyapima madai ya mwandishi, na iliporidhika ilikichapisha kitabu. Sinclair alikitabaruku kwa wafanyakazi wa Marekani. Tabaruku hiyo ni dalili ya wazi ya hadhira na dhamira aliyokuwa nayo.

Mhusika mkuu ni Jurgis Rudkus, kijana wa Kilithuania mwenye kifua kipana, anayeamini kwamba hakuna tatizo lisiloshindwa na misuli. Kila dhiki inapomkabili huongeza bidii. Anapata kazi siku ya kwanza na kuwacheka waliokosa. Siku moja ng'ombe aliyejeruhiwa anaponyoka na kuzua taharuki. Jurgis anaruka kujiokoa na kukitegua kifundo cha mguu. Jeraha ni dogo na limetokea bila kosa lake, wala hakuna aliyekusudia kumdhuru. Lakini kampuni haijioni kuwa na wajibu wowote kwake. Analala kitandani kwa majuma huku akiba ikiisha, na anaporudi kazini si tena yule aliyechaguliwa kwa kifua chake. Inambidi kukubali kazi katika kiwanda cha mbolea, ambako hata wenye njaa husita kwenda. Kutoka hapo anaporomoka: anafungwa jela, mke anafariki akijifungua, mtoto anazama katika barabara iliyojaa maji. Msuko mzima umefungwa kwenye mguu mmoja ulioteguka.

Isitoshe, Sinclair anapitia idara baada ya idara akionyesha kwamba kila kazi ilikuwa na kilema chake. Waliochovya nyama katika maji ya chumvi na tindikali waliliwa viungo vya vidole. Waliotoa nyama kwenye mifupa walikatwa kidole gumba mara nyingi hata kikabaki kinundu tu. Waliochuna ngozi walipoteza kucha. Waliotengeneza mikebe walikatwa na bati, na mkato mdogo ukaingiza sumu katika damu. Waliofanya kazi katika vyumba vya baridi walishikwa na baridi yabisi, na wale wa vyumba vya mvuke walipata kifua kikuu. Waliobeba mapande makubwa ya nyama mabegani walimalizika migongo. Wakati wa kipupwe sakafu ya kuchinjia haikupashwa moto, na wanaume walitumbukiza miguu katika mizoga iliyokuwa bado na joto ili isigande. Babake Jurgis, mzee aliyeng'ang'ania kuchuma riziki, anafanya kazi katika sakafu iliyolowa kemikali hadi nyayo zinaoza na kifua kinamwua.

Kwa mtazamo wa uhakiki, hapa ndipo penye ufundi mkubwa wa mwandishi. Mwili wa mfanyakazi unakuwa kama daftari la mahudhurio: ukiutazama mkono wa mtu unajua amefanya kazi idara gani na kwa muda gani. Msomaji wa Kuli ya Shafi Adam Shafi, riwaya inayowasawiri wachukuzi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948, hatauona ulimwengu huu kuwa mgeni. Waandishi hao wawili waliishi mbali, ila wote walitambua kwamba njia fupi ya kueleza unyonyaji ni kumwonyesha msomaji mwili uliobeba mzigo.

Mapokezi na Sheria za 1906

Kitabu kilienea kwa kasi na kikatafsiriwa kwa lugha nyingi. Lakini wasomaji wa tabaka la kati hawakusimama kwenye mikono iliyoliwa na tindikali. Walisimama kwenye kurasa chache zilizoeleza soseji zilizosagwa pamoja na panya waliokufa, nyama iliyooza iliyofichwa kwa dawa, na ng'ombe wagonjwa walioingizwa mikebeni. Mauzo ya nyama yalishuka. Barua zikamiminika Ikulu.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha jinsi ujumbe ulivyogeuka. Sinclair aliandika kwamba katika vyumba vya kuchemshia, mapipa yaliyokuwa wazi yalikaribia usawa wa sakafu, na kwamba kuna wafanyakazi waliotumbukia humo wasiopatikana kwa wakati, miili yao ikaishia kuwa mafuta ya kupikia. Dai hilo halikupata uthibitisho katika uchunguzi uliofuata. Hata hivyo lilisimuliwa kuliko mengine yote. Waliolisimulia walitetemeka kwa kuwaza mafuta waliyokwisha kuyatumia jikoni mwao. Aliyetumbukia hawakumtafutia jina.

Rais Theodore Roosevelt hakuupenda usoshalisti wa Sinclair, ila hakuweza kuupuuza umma. Alimkaribisha mwandishi Ikulu, kisha akawatuma Charles Neill na James Reynolds kwenda Chicago. Ripoti yao ilithibitisha mengi kuhusu uchafu wa viwanda, na haikukosa kutaja vyumba vya kazi visivyo na hewa wala mwanga. Tarehe 30 Juni 1906 Roosevelt alitia saini Sheria ya Ukaguzi wa Nyama pamoja na Sheria ya Chakula na Dawa Safi. Wakaguzi wa serikali waliwekwa viwandani, na kampuni zikafanikiwa kuhakikisha kwamba gharama ya ukaguzi, dola milioni tatu kwa mwaka, italipwa na serikali. Muhuri wa serikali uliwarudishia walaji imani, na kampuni kubwa zikafaidika nao.

Katika sheria hizo mbili hamkuwa na fidia kwa aliyekatwa kidole. Kasi ya mizoga haikupunguzwa, sakafu haikupashwa moto, wala saa za kazi hazikuguswa. Kuanzia siku hiyo mkaguzi alisimama kando ya mfanyakazi akiuangalia mzoga, na hakuwa na mamlaka ya kuuangalia mkono ulioukata. Sinclair aliona wazi kilichotokea. Alisikitika kwamba mshale alioulenga moyoni mwa wasomaji ulikuwa umewapata tumboni. Jimbo la Illinois, ambamo Chicago imo, lilipitisha sheria ya kuwafidia wafanyakazi mwaka 1911 tu, na msukumo mkubwa ulitokana na moto wa mgodi wa makaa ya mawe wa Cherry wa Novemba 1909, ulioua watu 259.

Dosari za Mwandishi

Si haki kumsifu Sinclair bila kuzitaja dosari zake. Wahakiki wengi wamekubaliana kwamba sura za mwisho za The Jungle zinaacha kuwa riwaya na kuwa jukwaa la siasa. Jurgis, aliyeishi na kuteseka mbele ya macho ya msomaji, anageuka msikilizaji wa hotuba ndefu. Huenda hii ni sababu mojawapo ya dhamira kupotea. Msomaji alikumbuka alichokiona, akasahau alichohutubiwa.

Dosari ya pili ni nzito zaidi. Sinclair anapofika kwenye mgomo, anawachora watu weusi walioletwa kushika kazi za wagomaji kama kundi la wakorofi na wavivu, wasio na jina wala historia. Mwandishi aliyeelewa kwamba Mlithuania alisukumwa Chicago na umaskini hakuona kwamba Mwafrika wa Kusini alisukumwa na umaskini huo huo, ukiongezewa na ubaguzi wa rangi. Huruma yake ilikuwa na mipaka ya rangi. Historia yenyewe ilimkosoa: katika miaka ya 1930 na 1940, vyama vya wafanyakazi wa nyama vilipata nguvu Chicago pale weusi na weupe walipoungana, na watu weusi walikuwa miongoni mwa viongozi shupavu wa muungano huo.

Maisha ya Baadaye

Fedha za riwaya Sinclair hakuzila peke yake. Mwishoni mwa 1906 alianzisha makao ya ushirika mjini Englewood, New Jersey, ambako familia kadhaa zingeishi na kulea watoto pamoja. Machi 1907 makao hayo yaliteketea, akarudi kuwa fukara. Ndoa yake na Meta ilivunjika, na mwaka 1913 akamwoa Mary Craig Kimbrough. Aprili 1914, kambi ya wachimba migodi waliogoma huko Ludlow, Colorado, ilishambuliwa na kuchomwa, wanawake na watoto wakafa. Sinclair alifunga kitambaa cheusi mkononi akatembea kimya mbele ya ofisi ya Rockefeller jijini New York, na polisi wakamkamata. Kutokana na mkasa huo aliandika King Coal, iliyotoka mwaka 1917. Alikuwa amerudi kwenye suala lile lile la machinjio, yaani thamani ya mwili wa mfanyakazi mbele ya faida.

Alihamia California akaendelea kuandika bila kuchoka. Oil! ya 1927 ilihusu mafuta. Boston ya 1928 ilihusu kesi ya Sacco na Vanzetti. Mwaka 1934 aligombea ugavana wa California kwa tiketi ya chama cha Democratic, akiahidi kukomesha umaskini. Wenye viwanda vya sinema na magazeti walimwandama kwa propaganda, akashindwa na Frank Merriam, ingawa alipata kura zaidi ya laki nane. Mwaka 1943 alipewa tuzo ya Pulitzer kwa riwaya yake Dragon's Teeth, iliyoeleza kuinuka kwa Wanazi. Alipofariki alikuwa ameacha vitabu zaidi ya 80.

Desemba 1967, akiwa na miaka 89, Sinclair aliketi katika kiti cha magurudumu Ikulu ya Marekani akimtazama Rais Lyndon Johnson akitia saini sheria mpya ya kuboresha ukaguzi wa nyama. Ilikuwa heshima kubwa kwa mzee. Lakini hata heshima hiyo ya mwisho aliyopewa na taifa lake ilihusu nyama. Alifariki tarehe 25 Novemba 1968 huko Bound Brook, New Jersey. Sheria ya taifa ya usalama na afya kazini, ambayo ingempa mkaguzi wa serikali idhini ya kuingia kiwandani kwa ajili ya mfanyakazi, ilitiwa saini Desemba 1970, miaka miwili baada ya kifo chake na miaka 64 baada ya sheria ya nyama.

Hitimisho

Union Stock Yards ilifungwa mwaka 1971. Viwanda vilikuwa vimeanza kuhamia miji midogo ya Nebraska, Kansas, Colorado na Iowa, karibu na malisho na mbali na ngome za vyama vya wafanyakazi. Mizoga ingali inasogezwa kwenye reli, na mikono inayorudia mkato mmoja maelfu ya mara kwa siku ingali inaharibika mishipa. Majina ya wafanyakazi ndiyo yaliyobadilika. Mahali pa Walithuania pamechukuliwa na watu wa Mexico na Guatemala, Wasomali ambao baadhi yao waliishi katika kambi za Dadaab, na wakimbizi wa Kongo wanaozungumza Kiswahili wakati wa mapumziko. Aprili 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea katika viwanda hivyo na kuua wafanyakazi, rais wa Marekani alitoa amri iliyolenga viwanda visifungwe ili nchi isikose nyama. Kwa mara nyingine sahani ilitangulizwa mbele ya mkono.

Si kweli, basi, kwamba The Jungle ilifaulu kikamilifu, wala si kweli kwamba ilishindwa. Ilifaulu pale maslahi ya msomaji yalipoguswa, ikakwama pale alipotakiwa kumjali asiyemjua. Hilo ni jambo ambalo mwandishi na mhakiki wa fasihi ya Kiswahili hawana budi kulizingatia. Dhamira njema haitoshi, na hata usawiri stadi haumlazimishi msomaji kutazama pale mwandishi anaponyoosha kidole. Ila kitabu kina bahati moja ambayo mwandishi wake hana: kinaweza kusomwa tena. Atakayekisoma leo akiufuata mguu wa Jurgis, akaziacha soseji kando, atakuwa amemlipa Sinclair deni lililocheleweshwa kwa zaidi ya miaka mia moja.